Ra ya Gari la Ng'ombe

Nilimchora ng'ombe anakunya ndani ya herufi ya watu. Naanza na hilo lisije likanirukia mbele ya safari, maana Queensbury nzima, mtaa wetu wa London, wanalijua na nasikia limefika hadi Leicester. Herufi yenyewe haikuwa yangu. Haikuwa hata ya Waingereza, ambao herufi zao nimeshazichafua vya kutosha kwenye milango ya vyoo vya shule. Ilikuwa ya Bibi, mwenye nyumba wetu, na alikuwa na haja nayo kweli.

Mimi na mama tulikuwa tumepanga vyumba vya juu kwenye nyumba yake. Bibi ni Mhindi wa Tanga. Marehemu mumewe alikuwa karani kwenye shamba la mkonge. Mama naye ni wa Tanga. Siku alipokuja kuuliza chumba alikuwa amejipanga na Kiingereza chake chote, amekikariri tangu kwenye treni, na mlango ulipofunguliwa akaambiwa kwa Kiswahili avue viatu kabla hajakanyaga zulia. Mama anasema alisahau hata kuuliza kodi. Alivua viatu, akasema shikamoo, akaketi. Mimi nilikuwa na miaka saba. Baba alibaki kule, na hiyo ni habari ya kumuuliza yeye.

Mitaa ile imejaa Wahindi wa Afrika Mashariki, lakini wengi ni Wagujarati, na Bibi si Mgujarati. Watu wake ni wa kusini, wanasema Kitelugu, na maandishi yao ni ya mviringo tupu, hayana kona, kama mtu aliyemwaga tambi kwenye sinia akaziacha zipoe. Wahindi wenzake dukani hawakuweza kuyasoma. Kwa hiyo Bibi alisengenya kwa Kiswahili, alihesabu kwa Kiingereza, na Kitelugu alikiweka kwa ajili ya Mungu na mjukuu wake.

Mjukuu huyo nitamwita dogo, kwa sababu ndivyo nilivyomwita. Alikuwa anakaribia miaka minne. Alielewa Kitelugu cha bibi yake, alielewa kuliko inavyofaa Kiswahili changu kibaya, na sote alitujibu kwa Kiingereza. Baba yake, ambaye mimi nilimwita anko, ni mfamasia, na mwaka huo alikuwa amepata kazi Marekani. Wangeondoka majira ya kuchipua, yeye na mkewe na dogo. Bibi hakuwa anaenda. Alisema ameshahama bara mara mbili na mara ya tatu atahamishwa akiwa ndani ya chupa ya majivu.

Kwao mtoto haanzi kusoma kwa kupewa kalamu tu kama mfungwa anayesaini. Anakalishwa mbele ya sinia la mchele, mkubwa anamshika mkono, na kidole chake kinaandika herufi zake za kwanza ndani ya mchele, huku mungu wa kike wa elimu akiangalia kutoka ukutani. Bibi alifanyiwa hivyo na baba yake. Anko alifanyiwa hivyo na Bibi, kule Tanga, ila hazikumkaa. Alienda shule ya Kiswahili, kisha ya Kiingereza, na leo Kitelugu anakisema lakini hakiandiki. Mkewe alizaliwa hapahapa Uingereza na hali yake ni hiyohiyo. Katika nyumba nzima aliyejua kuandika alikuwa mtu mmoja, na mkono wa mtu huyo ulikuwa umegoma.

Kiharusi kilimpata mwaka uliotangulia. Mdomo ulirudi mapema, na kwa maoni ya anko ulirudi na nyongeza. Mguu ukafuata, kwa mkongojo. Mkono wa kulia ulibaki mapajani kama kitu alichoombwa amshikie mtu. Mama alikuwa akifanya kazi Hayes, kwenye ghala wanakofunga vyakula vya ndege, na kila jioni akirudi alipitia kwa Bibi kabla ya kupanda kwetu. Alipasha mafuta ya ufuta kwenye kijiko, akauchukua ule mkono, akaukanda kidole kwa kidole. Mara nyingi alisahau kuvua ule wavu wa nywele wa kazini. Nilikuwa nawakuta hivyo kwenye kochi, wavu kichwani, mkono mapajani, wanamsema mtu wa Tanga aliyekufa zamani. Mama alikuwa akimwekea kalamu kati ya vidole kujaribu. Kalamu ilikuwa inaanguka, na mama alikuwa anaiokota.

Nilimshauri Bibi atumie wa kushoto. Alinitazama kama nimemwambia ale chapati kwa mguu.

Ndipo likaja wazo la chati. Bibi alitaka karatasi kubwa ya ukutani yenye herufi zote, kutoka ya kwanza hadi ya mwisho, ampe dogo siku ya sinia, aende nayo Marekani aibandike juu ya kitanda. Kama hawezi kumwandikia, basi angalau asiondoke mikono mitupu. Kazi nilipewa mimi, kwa kuwa ndiye niliyeaminika kuijua kompyuta ya anko. Niliijua kwa kuwa nilikuwa nimeiharibu mara nyingi kuliko mtu yeyote.

Sasa nisikilize, nieleze jambo moja la kompyuta halafu nakuachia. Kompyuta haijui herufi hata moja. Inajua namba. Ukibonyeza A kubwa, yenyewe inaandika sitini na tano, basi. Ikitaka kukuonyesha kitu, inaenda kwenye fonti, na fonti ni kama nyumba ya kulala wageni: kila chumba kina namba, na ndani ya kila chumba kuna picha. Inagonga chumba cha sitini na tano, inatoka picha ya A. Wahindi werevu waligundua kwamba ukiifukuza A ukalaza mle herufi ya Kitelugu, kompyuta haitajua. Itaendelea kugonga sitini na tano kwa heshima zote na kutoa tambi. Fonti ambayo anko alipewa na rafiki yake ilikuwa ya namna hiyo, herufi za Kitelugu zimepanga kwenye vyumba vya Waingereza. Ukiihamishia maandishi yake kompyuta isiyo na fonti ile, sala ya Bibi inageuka kuwa kama paka amelala juu ya vitufe.

Shida ni kwamba vyumba vyenyewe ni vichache, na Kitelugu kina familia kubwa: kila herufi ina mikia yake midogo, na mikia ina watoto. Aliyetengeneza fonti ile aliishiwa vyumba, akaanza kuwatoa wasio na kazi. Nilipoandika chati yote, Bibi akasogeza uso karibu na skrini, akapita mstari kwa mstari akiimba chinichini, kisha akanyamaza kwenye mstari wa mwisho. Ilikuwa inakosekana herufi moja. Mahali pake palikuwa na kisanduku kitupu.

Ilikuwa ni ra. Si ra ya kawaida, hiyo ilikuwepo inatanua. Hii ni ra ya pili, ya zamani, nzito, ambayo wao wanaiita ra ya gari la ng'ombe. Siku hizi kompyuta ya shuleni kwetu inayo, ndiyo hii hapa: ఱ. Kama badala yake unaona kisanduku kitupu, pole, mlalamikie aliyechapisha, lakini angalau unajua Bibi alijisikiaje.

Anko alisema haina neno. Alisema magazeti yenyewe ya India yameiacha, shule hazitilii mkazo, ra moja inatosha kwa mtu na akili zake, tena mtoto atakuwa Marekani. Ile herufi ipo katikati ya jina la nyumba yao, yaani la ukoo. Wale watu wanaanza na jina la nyumba, ndipo jina la mtu. Lakini Bibi hakutaja jina la nyumba hata kidogo.

"Kumbe ikikosa kazi inatolewa," alimwambia mwanawe. "Wewe ulikaa chumba cha nyuma miaka miwili huna kazi. Nilikutoa?"

Anko akaenda kuangalia maji ya chai ambayo hakuna aliyeyabandika.

Basi ikabidi tuitengeneze wenyewe. Nilikuwa na programu ya kuchora fonti, niliipata kwenye diski ya bure iliyokuja na gazeti la kompyuta. Unafungua chumba, unachora picha kwa kuvuta vidoti kwa kipanya, unafunga. Chumba nilichochagua ni cha alama ya pauni, kwa kuwa Watelugu nao wana fedha zao na hawakuihitaji. Mwalimu wetu wa kompyuta alinieleza kwamba kuna orodha ya dunia nzima inayoendelea kuandikwa, kila herufi ya kila lugha inapewa namba yake yenyewe isiyochangiwa na mtu, na ra ya Bibi ilishapewa yake zamani. Tatizo ni kompyuta ya anko, ilikuwa kuukuu, haikuielewa orodha hiyo. Nikamwambia Bibi herufi yako ina namba, haina nyumba. Akasema basi ni kama sisi sote tulipofika: Uhamiaji wanakujua, mwenye nyumba hakujui.

Kuchora kulichukua majuma. Bibi hakuweza kunichorea mfano, na kitabu hakuwa nacho. Alinielekeza kwa kidole cha kushoto juu ya kitambaa cha meza. Alisema kuonyesha si kuandika, Mungu anajua tofauti. Matumbo mawili yameshikana, mstari mmoja umepita katikati kama mti wa gurudumu. Nilichora, nikachapa, nikampelekea karatasi, akaisogeza kwenye pua. Hii ina njaa, alisema. Nikainenepesha. Hii imelewa. Nikaisimamisha. Hii inamwogopa mkewe. Mpaka leo sijui hilo nililirekebishaje, lakini nililirekebisha. Siku moja aliiangalia karatasi, akaikunja kwa mkono mmoja akaitia kwenye blauzi, mahali anapoweka vitu vyake. Nikajua imekubali.

Ningeishia hapo ningekuwa mtoto wa mfano. Lakini mtu akikuambia herufi hii ni gari la ng'ombe, na wewe una programu ya kuchora, na una miaka kumi na mitatu kama niliyokuwa nayo, nini kinakuzuia? Niliichukua ile ra safi, nikahifadhi nakala, kisha kwenye nakala nikaongeza magurudumu. Gari likasimama vizuri sana. Gari linahitaji ng'ombe, nikaweka ng'ombe. Ng'ombe alikuwa na mkia, mkia nikauinua, na mkia ulioinuliwa hauwezi kuachwa hivihivi bila sababu, nikatia vidoti vitatu.

Nilimwonyesha dogo tu. Nilimkalisha kwenye kiti, nikamwambia abonyeze kitufe cha pauni. Akabonyeza. Akaangalia skrini, akaniangalia mimi, na nilimwona mtoto yule akipata dini. Alibonyeza mpaka ukurasa ukajaa ng'ombe, wote mkia juu. Tangu hapo kila jioni alikuja na wimbo mmoja, anausema kwa Kiswahili kwa sababu mimi ndiye niliyemfundisha, ng'ombe, ng'ombe, na mimi nilikuwa natoa ra safi naweka ya ng'ombe, akishiba namrudisha ng'ombe zizini. Bibi hakujua. Macho yake hayakuwa mazuri, tena tulipunguza sauti.

Jioni ya kabla ya kupeleka chati kuchapwa, nyumba ilikuwa na masanduku ya kuhama hadi kwenye ngazi. Dogo alikuwa amegundua kwamba baiskeli yake haiendi Marekani, na alikuwa amekaa juu ya sanduku moja akilia kile kilio cha chini kwa chini, kisichoomba kitu. Nikamwekea ng'ombe. Alibonyeza mmojammoja, polepole, huku kamasi zikishuka, mpaka mama yake akaja kumchukua kulala. Mimi nikanakili chati kwenye flopi pamoja na fonti, nikaandika kwa kalamu BIBI, MUHIMU, nikaenda zangu kula. Chati nilikuwa nimeitazama kwenye skrini ikiwa ndogo, ukurasa mzima kwa pamoja, na kwa ukubwa huo ng'ombe na ra ni kidoa kilekile. Kumrudisha zizini sikukumbuka.

Chati ilichapwa kwenye duka la kadi za harusi karibu na kituo cha treni, ikavingirishwa, ikatiwa kwenye bomba la karatasi gumu, anko akaichukua Jumapili asubuhi akiwa amechelewa kwenda kununua maua. Hakuna aliyeifungua.

Sebuleni watu walikaa chini. Mjomba wa dogo alikuja kutoka Leicester na suti ambayo haikukubali kukunjika, ikabidi aletewe kiti. Sinia la mchele lilikuwa la chuma, mchele umetiwa manjano. Mama alikuwa na shifti usiku wa kuamkia siku hiyo, akaja moja kwa moja kutoka Hayes bila kulala, akaketi karibu na mlango na ule wavu wake kichwani. Dogo alivalishwa nguo za hariri, amepakwa wanja, ana sura ya mtu aliyekamatwa. Kazi ya kutundika chati ilikuwa yangu. Niliivuta kutoka kwenye bomba, nikapigilia pini juu, nikaiachia ijifungue yenyewe kwenda chini. Ilijifungua mstari kwa mstari, nzuri ajabu, nyeusi juu ya nyeupe, na mstari wa mwisho ulipofika ng'ombe alikuwa pale, mkubwa kama kiganja changu.

Nikasimama mbele yake. Nilifikiri nikisimama pale mpaka watu waondoke, itakuwa imepita.

Anko akampakata dogo, akamshika kidole, akakipeleka kwenye mchele. Dogo akakunja ngumi. Akamfungua ngumi, mtoto akaikunja tena. Mama yake akambembeleza, mjomba akamwahidi gari la kuchezea, watu wakaimba kidogo. Ukapatikana mstari mmoja uliopinda, kisha dogo akaanza kulia kile kilio cha chini kwa chini, na anko akamwangalia Bibi kwa aibu. Bibi alikuwa kwenye kochi lake, mkono wa kulia mapajani. Alimsemesha mjukuu wake kwa Kitelugu, taratibu, maneno machache. Dogo akatikisa kichwa. Hapo nilimwona Bibi akigeuza uso kuelekea dirishani. Walikuwa wanaondoka juma lile lile. Hakukuwa na Jumapili nyingine.

Sitaki kujisifu, lakini ni mimi niliyesogea. Sikuamua, mguu ulikufa ganzi. Nilihamia upande mmoja, na dogo, mashavu yamelowa wanja, akamwona.

"Ng'ombe," akasema.

Akateremka mapajani mwa baba yake, akapiga magoti mbele ya sinia bila kushikwa na mtu, akaanza. Alichora matumbo mawili. Akachora magurudumu. Akachora ng'ombe, miguu mingi kidogo, akainua mkia, halafu kwa kidole, kwa uangalifu mkubwa kuliko niliotumia mimi, akabonyeza vishimo vitatu kwenye mchele mtakatifu. Akamwangalia bibi yake apate sifa.

Vichwa vyote vilitoka kwenye sinia vikaenda kwenye chati, vikatoka kwenye chati vikaja kwangu. Hakuna aliyeuliza nani. Mjomba alisimama na suti yake, akasema kwa Kiingereza kwamba hii ni dharau, mbele ya mungu, siku ya mtoto, na kwamba hivi ndivyo inavyokuwa ukiacha wapangaji wakuzoee. Mama aliinamisha macho. Hilo ndilo lililoniuma. Mimi nilishasemwa na watu wa kila aina, nina ngozi ya hiyo kazi, lakini yeye alikuwa hajalala, na wavu bado kichwani.

Bibi akaomba ashikwe. Mama akawahi kabla ya wote, akamwinua, wakatembea hadi kwenye chati. Bibi akasogeza pua kwenye mstari wa mwisho. 

"Huyu ng'ombe kala nini?" akaniuliza.

"Majani, Bibi."

"Si majani haya."

Mjomba akaanza tena. Bibi hakumgeukia; alimjibu akiwa bado amemtazama ng'ombe, na kwa Kiswahili, lugha ambayo mjomba hakuijua, ikabidi anko amtafsirie nusu.

"Nyumba niliyozaliwa ilikuwa ikisakafiwa kwa mavi ya ng'ombe. Juu ya sakafu hiyo ndipo baba yangu aliponiwekea sinia. Mwambie akae, anamtia mtoto kivuli."

Anko akatafsiri ile ya kukaa tu.

Kisha Bibi akataka kwenda chini. Tangu kiharusi alikuwa hajakaa sakafuni. Mama na anko walimshusha kama watu wanaoshusha kabati la vyombo, na akatua karibu na sinia, mguu mmoja umenyooka. Akauchukua mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, akaubeba, akauweka juu ya mkono wa dogo. Ukakaa pale mzima mzima, mzito, na dogo akauangalia, lakini hakuondoa wake. Bibi akamwambia kwa Kiswahili, nadhani ili na mimi nisikie, kwamba huyu ng'ombe amefanya kazi, amechoka, sasa tumwache aende machungani. Kwanza tumsafishie. Mkono wa dogo ukafukia vile vishimo vitatu. Mkono wa Bibi ulikuwa juu yake, unabebwa tu. Dogo akafuta mkia. Akafuta miguu, akasema kwaheri, akafuta kichwa. Bibi akamwambia magurudumu nayo yana tope, tuyavue. Wakayavua.

Likabaki gari peke yake, yale matumbo mawili yameshikana. Lilikosa mstari wa katikati.

Dogo alikuwa haujui ule mstari. Kwenye mchoro wangu ulikuwa umefunikwa na fimbo ya mchungaji, niliyoisahau kuitaja. Akatulia, kidole kimesimama kwenye mchele, akingoja aambiwe.  Tulikiona kidole cha shahada cha Bibi kikijinyoosha juu ya kile cha mtoto, kinatetemeka, kinatafuta, halafu kikabonyeza. Na ile mikono miwili ikaondoka, upande wa kushoto kwenda kulia, mkono wa chini sasa ndio unaobebwa, ukakata matumbo mawili katikati na kuacha mfereji uliopinda kidogo mwishoni.

Ra. Ilikuwa na njaa, imelewa, na ilimwogopa mkewe. Bibi aliisoma kwa sauti. Dogo akairudia, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakujibu kwa Kiingereza.

Akataka tena. Bibi akatikisa sinia, mchele ukawa tambarare, akamwambia ya gari tumeiweka, sasa twende kwa yule wa kwanza kabisa, naye alikuwa na habari zake. Hawakumaliza zote. Bibi alichoka mapema, na dogo alianza kula mchele. Lakini mjomba alivua koti akakaa sakafuni, na anko alikuwa amepiga magoti nyuma ya mwanawe, na nilikiona kidole chake kikiandika juu ya zulia kila walichoandika wale wawili.

Mimi niliishia jikoni, kwa kuwa ndiko ulikokuwa mlango wa nyuma. Nilidhani mama atanikuta huko na mwiko. Alikuja baadaye, akafunga mlango, akaegemea sinki. Alikuwa ameshika ule wavu wa nywele mkononi, ameukunja kunja, na machozi yalikuwa yanamtoka bila yeye kuyashughulikia. Nikaanza kuomba radhi, nikasema nitachapa nyingine, nitamwomba mjomba samahani kwa Kiingereza safi, ng'ombe nitamfuta kwenye kila flopi. Aliinua mkono ninyamaze. Alichungulia sebuleni kupitia mwanya wa mlango, akaangalia kwa muda, kisha akajifuta uso kwa ule wavu, akanigeukia.

"Mwaka mzima," mama akasema, "mwaka mzima nimeukanda ule mkono kwa mafuta ya ufuta, haukuandika kitu. Kumbe ulikuwa unangojea mavi ya ng'ombe wako."